Safu Iliyoandikwa "Kwao"

Mwezi uliopita Rozi alikuja nyumbani kwangu Boko kunishukuru. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, akakataa soda akakubali maji, akaniambia mama yake amefariki huko Vingunguti na wameshamzika, na kwamba katika siku zake za mwisho alinitaja. "Alisema wewe ndiye uliyeandika barua nikarudishwa kutoka Newala," alisema. "Nikawaambia wenzangu, mie lazima nikamwone huyo mzee kwa macho yangu, nimpe mkono." Akanipa mkono. Ni mwalimu, amebakiza miaka michache astaafu, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima. Nikaupokea mkono wake, nikasema pole, nikasema mama yako alikuwa mtu wa watu, nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi nilijilaza, mke wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni sukari imeshuka. Barua niliiandika kweli. Lakini Rozi alikuwa mtoto wa miaka sita wakati ule, hajui ni nani aliyempeleka Newala. Ni mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne, nimesoma kozi ya miezi sita ya ustawi wa jamii, na nimepangiwa ofisi ndogo upande wa Temeke kwa majaribio ya mwaka mmoja. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichokatwa katikati kwa mbao nyembamba zisizofika darini. Upande wa ndani alikaa mkuu wetu, Mzee Kisanga, mtu wa bara, mpole wa sauti na mzito wa macho. Upande wa nje tulikaa mimi na Bi Tekla, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi kabla ya kuhamishiwa ustawi. Kati yetu palikuwa na kabati la chuma la mafaili, na nyuma yangu ukuta wenye ukungu ulionuka wino na karatasi mbichi. Kila neno lililosemwa ndani tulilisikia nje, hata kikohozi, hata kijiko kikizungushwa kwenye chai. Mzee Kisanga alilijua hilo. Nadhani alilitumia. Mara nyingi alisema na simu kwa sauti ya juu kuliko lazima, "Huyu kijana wa majaribio bado tunamtazama," na mimi huku nje kalamu inaniponyoka.

Sijui kama vijana wa leo wanaweza kuuelewa uoga ule. Mwaka ule kutokuwa na kazi mjini lilikuwa kosa. Redio ilisema kila mtu afanye kazi, mjumbe wa nyumba kumi alisema hivyohivyo, na mgambo walisimama kwenye kona wakiuliza vitambulisho. Jumamosi moja mchana nilikuwa Kurasini nikimsubiri rafiki aliyekuwa akipakua mizigo bandarini. Mgambo wawili wakanijia. "Ndugu, unafanya nini hapa?" Nikasema namsubiri mwenzangu. "Kusubiri nako kazi?" aliuliza mmoja. Nikatoa barua yangu ya ofisi, ambayo nililala nayo chini ya mto na kutembea nayo mfukoni hadi ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Akaisoma yote, neno kwa neno. "Hapa pameandikwa majaribio. Sasa una kazi au huna?" Nikasema ninayo. "Unayo kabisa, au unaionja?" Mwenzake alicheka, na hicho kicheko ndicho kilichoniokoa, maana alinirudishia barua akiwa bado anacheka. Lakini wakati ananirudishia nilikuwa nimeshaona lori lililosimama nyuma yao, na ndani yake vijana wa rika langu wamekaa chini kwenye bodi, wameweka mikono magotini, hawaongei. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kutoka nilishika mfuko mara tatu kuhakikisha barua ipo.

Fomu zilikuja mwezi wa tatu, zimefungwa kwa kamba ya katani. Mzee Kisanga alitugawia mitaa. Tuliambiwa ni fomu za kujua hali za wananchi, ili wanaohitaji msaada wajulikane. Zilikuwa na safu chache tu: jina, umri, mtaa, watoto, kazi, na kwao. Nilizipenda. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na sikuwa na kitu kingine cha kujivunia. Isitoshe, kozini tulifundishwa namna ya kuingia nyumbani kwa mtu. Mwalimu wetu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alituambia tusianze na karatasi. Anza na salamu, alisema, kaa chini wanapokaa wao, kula ukipewa, uliza habari za watoto, uliza kwao ni wapi. Mtu akishakwambia kwao, moyo wake umefunguka, na hapo atakwambia mengine yote. Aliita jambo hilo kujenga imani. Tulifanya mazoezi wawili wawili darasani, mmoja akiwa ofisa na mwingine mteja, na mimi nilisifiwa kwa sababu wenzangu walisema nina uso wa huruma. Hakuna aliyetufundisha kujiuliza ile imani, ikishajengwa, atakayeitumia ni nani.

Mama Rozi aliishi katika nyumba ya vyumba sita huko Temeke, nyumba ya udongo na bati, yenye ua uliojaa wachongaji kutoka kusini. Ulisikia milio ya tezo kabla hujafika. Mume wake alikuwa mmoja wao, amefariki mwaka uliotangulia, na tangu afariki wenzake walimpa mjane kazi ya kumalizia vinyago: kuvisugua kwa msasa mpaka vilainike, kisha kuvipaka kiwi ya viatu na kuvifuta kwa kitambaa mpaka vinang'ara. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto mchanga Petro amelala kwenye kanga pembeni, na Rozi akichagua mawe kwenye mchele. Nilipiga hodi; alishaniona nikizunguka mtaani kwao.

"Karibu, bwana ustawi. Pita, ila usinikanyagie msasa wangu."

"Shikamoo, Mama Rozi."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda? Huko ofisini mnakula karatasi?"

Wachongaji wakacheka. Nikakaa kwenye mkeka kama nilivyofundishwa. Akanipa ugali wa muhogo na kisamvu kilichopikwa kwa nazi, mabaki ya jana yaliyopashwa moto, na ninasema kweli sijawahi kula kisamvu kama kile. Nikala. Nikamsifia mtoto. Kisha nikauliza, kwa uso wangu wa huruma, "Kwenu wapi, Mama Rozi?"

"Kwetu Newala," alisema, na akainua kidevu kidogo.

"Unapafahamu vizuri?"

"Mie? Nitapafahamia wapi! Bibi yangu ndiye aliyetoka huko, kaja hapa msichana. Mie kitovu changu kimezikwa palepale nyuma ya bafu, muulize mama mwenye nyumba, yeye ndiye aliyemkanda mama yangu. Lakini kwetu Newala, bwana. Kwetu ni kwetu."

Nikaandika: Newala. Msomaji asiye wa Dar es Salaam ya wakati ule lazima aelezwe hapa, la sivyo ataniona mjinga zaidi kuliko nilivyokuwa. Hapakuwa na mtu aliyejibu "kwetu hapa." Ungeonekana mtu asiye na ukoo, mtu aliyeokotwa. Hata muuza duka la kona, Mwarabu aliyezaliwa Temeke na baba yake akazaliwa Temeke, ukimuuliza kwao alikujibu Hadhramaut, na hakuwa amewahi kupanda hata boti ya Kigamboni bila kutapika. Swali la kwenu wapi lilikuwa la heshima. Lilimwuliza mtu, wewe ni wa watu gani, na mtu alijibu kwa kumtaja bibi yake. Fomu haikuwa na safu ya bibi wala safu ya alipozaliwa. Ilikuwa na safu ya kwao. Swali la barazani nililichukua kutoka barazani nikalipeleka serikalini, bila kubadilisha hata herufi.

Kwenye kazi nilimuuliza kama ameajiriwa. "Na nani?" alisema. Nikamuuliza basi kazi yake nini. Akaninyooshea vidole vyeusi kwa kiwi. "Si hii unayoiona?" Maelekezo yalisema kazi ni ile yenye mwajiri au leseni. Nikaandika: Hana. Alipoona nimeandika kifupi, akaniuliza fomu hii ni ya nini hasa. Nikamwambia serikali inataka kujua nani anahitaji kusaidiwa. "Basi andika na cherehani," alisema. "Na jina langu lipambe vizuri, wasije wakampa cherehani yangu mwingine." Wachongaji wakacheka tena. Nikacheka nao. Nililipamba jina lake kweli, herufi ya kwanza niliipa mkia mrefu.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi ya Jumatatu, alikuja mgeni aliyevaa kaunda suti ya kijivu. Aliingia kwa Mzee Kisanga, mlango ukafungwa, na sisi tukakaa nje ya zile mbao. Nakumbuka Bi Tekla alikuwa akimenya chungwa. Tulisikia mgeni akisema malori yatakuwa tayari Alhamisi. Tulimsikia Mzee Kisanga akiuliza ni watu wangapi. Kisha mgeni akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Siwezi kumchukua kila mtu, Ndugu Kisanga. Mtu asiye na kwao nitampeleka wapi? Nipe wale ambao hawana kazi na kwao panajulikana. Hao ndio wepesi." Kijiko kikazunguka kwenye kikombe. Mzee Kisanga akajibu, "Wapo. Kijana wangu amejaza zote. Hakuacha safu hata moja."

Bi Tekla aliacha kumenya. "Faraji," aliniambia kwa sauti ya chini sana, "wa kwako ulijazaje pale kwao?"

"Nilivyojibiwa."

"Mie niliwauliza wamezaliwa wapi. Waliozaliwa hapa nimewaandika Temeke. Wa kwangu wote Temeke, Temeke, Temeke."

"Kwani ulijua?"

"Ningejuaje? Ila nimeshika fomu nyingi, mwanangu. Ya chanjo haikuuliza kwao. Ya mgao wa unga haikuuliza kwao. Hii inauliza kwao kwa nini? Mtu akitaka kukusaidia anakuuliza unaumwa wapi. Anayetaka kukuondoa ndiye anayekuuliza umetoka wapi."

 Nilianza kuwapitia kichwani, nyumba kwa nyumba, sahani kwa sahani. Wengi walikuwa wamefika mjini kweli kutoka huko walikotaja, na sisemi kwamba ilikuwa haki kuwachukua. Lakini mmoja nilijua, kwa masikio yangu, kwamba alizaliwa nyuma ya bafu hatua kumi kutoka mahali alipokaa. Bi Tekla alinisukumia ufunguo wa kabati juu ya meza, ukiwa umefunikwa na maganda ya chungwa. "Mzee anatoka saa sita kwenda kula. Chukua fomu tupu, uandike upya. Andika Temeke. Si kweli alizaliwa Temeke? Basi hudanganyi hata neno moja."

Saa sita Mzee Kisanga alitoka. Bi Tekla naye akatoka, nadhani makusudi, ili aweze kusema hakuona. Nikafungua kabati. Fomu ya Mama Rozi niliipata mara moja kwa sababu ya ule mkia wa herufi. Nikaichomoa, nikaiweka mezani, nikaweka fomu tupu pembeni yake, nikafungua kalamu. Kazi ya dakika mbili. Mikono ilikuwa imelowa jasho, na nilikuwa nafikiri kwamba jasho litachafua karatasi na mwandiko utaonekana si wangu. Nilikuwa nimeandika jina na umri nilipoona kivuli mlangoni. Mzee Kisanga alikuwa amesahau miwani yake.

"Unatafuta nini, Faraji?"

"Nahakikisha, mzee."

"Unahakikisha nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema, huyu mama kazaliwa hapa, nilikosea. Alikuwa mtu wa kusikia, huenda angesikia. Leo, nikiwa mzee kumzidi alivyokuwa yeye siku ile, naamini angeguna tu akasema rekebisha. Lakini nililiona lile lori la Kurasini, na mikono magotini, na nikaiona barua yangu yenye neno majaribio. Nikasema, "Nahakikisha kwamba nimejaza sawasawa."

Akaja mezani. Akaichukua fomu ya zamani, akaishika mbali na macho kwa kuwa hakuwa na miwani. "Umejaza vizuri sana," alisema. "Mwandiko wako utakufikisha mbali." Nikasema asante, mzee. Fomu mpya niliikunja ndani ya kiganja. Ile ya zamani akanirudishia mwenyewe, na mimi mwenyewe nikaipeleka kabatini, nikaiingiza mahali pake, nikafunga. Hakuna aliyenilazimisha. Nataka hilo lisomeke wazi.

Jumatano mchana nilikwenda kwa Mama Rozi, nimejiambia nitamwonya. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba ile, anacheza bao na mpangaji mmoja, na aliponiona akaniamkia kwa jina. Ilitosha. Nilijua kwamba mama huyu akihama leo, kesho mjumbe ataulizwa nani alifika jana. Nikaingia uani, nikakaribishwa sahani moja naye ya ugali na kisamvu, safari hii pamoja na dagaa wa kukaanga.  Nikamuuliza kama ana ndugu Mbagala au Mtoni, kama hawezi kwenda kuwatembelea siku mbili tatu, mtoto abadilishe hewa.

"Kwani hewa ya hapa ina nini?"

"Hapana, nasema tu."

"Wewe leo umeamka vibaya. Kuna mtu kakutisha?" Akanitazama kwa kunionea huruma, mimi. Kisha akasema wapangaji wenzake wamesikia habari za malori, na wengine wanalala kwa jamaa zao. "Mie sina wasiwasi. Mie nimeandikwa. Wanaochukuliwa ni wale wasiojulikana, mie ustawi mnanijua. Au sivyo?" Nikasema kula haraka, ugali unapoa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake siku ile.

Alhamisi Mzee Kisanga aliniambia niende na malori. "Wewe ndiye wanayekufahamu," alisema. "Wakikuona watatulia." Saa nne asubuhi, jua linawaka, tulisimama mbele ya ile nyumba. Mgambo watatu, mjumbe, yule mgeni wa kaunda suti, na mimi. Mgambo aliyeshika zile fomu alisoma majina kwa sauti, na majina yalikuwa niliyoyajaza mimi, katika mwandiko wangu. Mama Rozi alitoka mwenyewe. Alitoka haraka, Petro mgongoni, anajifuta kiwi kwenye kanga, na alikuwa karibu kutabasamu, kwa kuwa nadhani alifikiri ameitwa kwa ajili ya jambo jema. Alipoelewa, hakupiga kelele. Alieleza, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Baba, mie kwetu hapahapa. Nimezaliwa humu ndani."

"Hapa pameandikwa Newala."

"Newala kwa bibi yangu. Mie sijafika Newala hata siku moja."

"Mama, panda. Kwenu watakupokea, watakupa shamba. Hapa huna kazi."

"Sina kazi? Mikono yangu huioni?" Mama mwenye nyumba alitoka akaanza kusema kwamba mtoto huyu nimempokea mimi, na mgambo akamwambia bibi nyamaza. Hapo ndipo Mama Rozi aliponiona nyuma ya mjumbe. Uso wake ukafunguka. "Huyu hapa! Mdogo wangu, waambie. Si nilikwambia nilipozaliwa? Waambie."

Wote wakanigeukia. Yule mgeni wa kaunda suti akanigeukia. Wachongaji walikuwa wameshusha tezo. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilisikia mkojo unataka kunitoka. Na mdomo wangu ukafunguka, nikasema, "Lakini si ulisema mwenyewe kwenu Newala?"

Aliacha kubishana. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi, kisha akamwomba mgambo ruhusa ya kuepua sufuria kwenye moto. Akaepua, akamshika Rozi mkono, akapanda. Rozi alikuwa anauliza kama wanakwenda na basi kubwa.

Barua ya kuthibitishwa kazini niliipata kabla mwezi haujaisha. Mzee Kisanga aliisoma kwa sauti ofisini, akanipa mkono, na Bi Tekla akasema hongera bila kuinua macho kwenye faili lake. Alifanya kazi na mimi miezi mingi baada ya hapo, akiniamkia asubuhi na kuniaga jioni, na katikati ya salamu hizo mbili hakunipa neno lisilo la kazi. Nilitegemea kwamba uoga ungekwisha, kwa kuwa sasa barua yangu haikuwa na lile neno. Haukwisha. Ulibadilika tu sura. Zamani niliogopa kuchukuliwa. Sasa niliogopa kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliyesimama mlangoni mwa ofisi.

Mama Rozi alikuja baada ya mvua za vuli. Nilikuwa nimeinama naandika, nikasikia kiti cha wateja kinavutwa. Alikuwa amekonda, miguu imepasuka, Petro amekua na anatembea. Rozi hakuwepo. Nikasimama, nikasema shikamoo, akaiacha shikamoo yangu hewani. Bi Tekla alipotaka kutoka, Mama Rozi akamwambia, "Kaa, mama. Nataka mtu wa kusikia."

Alieleza kwa kifupi. Walishushwa kijijini ambako hakumjua mtu. Mzee mmoja alitokea akasema yeye ni mjomba katika ukoo, akawapa nafasi ya kulala. Alilima. Alipotaka kurudi, mwenyekiti wa kijiji alimkatalia kibali, akasema kwenu ni hapa, umeletwa na serikali kwa karatasi. Akatoroka kwa miguu na Petro, lakini Rozi alikuwa na kidonda mguuni kilichovimba, hawezi kutembea. Akamwacha kwa bibi kizee mmoja, akamwahidi atarudi. "Wamesema mtoto hatoki bila karatasi kutoka ofisi iliyotuleta," alisema. "Basi andika. Wewe ndiye unayejua kuandika."

Nikachukua karatasi. Nikafungua mdomo kuuliza jina kamili la mtoto, akanyanyua kidole.

"Usiniulize kitu. Leo nasema, wewe unaandika."

Akasema, nikaandika. Jina la mtoto, umri, alipozaliwa: Temeke, nyumba fulani, nyuma ya bafu. Hilo la bafu nilitaka kuliacha, akaniambia andika. Kwamba alipelekwa kwa makosa. Nikasita hapo, kwa kuwa kuandika makosa kwenye karatasi ya ofisi kulikuwa kuandika jina langu mwenyewe. "Makosa," alirudia. Nikaandika makosa. Alipomaliza akasema, "Soma." Nikasoma. "Soma tena." Nikasoma tena. Aliniuliza neno Temeke liko wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole chake juu yake, kidole chenye weusi wa zamani usiotoka. Aliniuliza kama lile jingine, Newala, limeandikwa mahali pa mtoto kuzaliwa. Nikamwambia hapana. Akamtazama Bi Tekla. Bi Tekla akasoma mwenyewe, akasema hapana, halipo.

Ilibaki mhuri. Mhuri ulikaa kwenye droo ya Mzee Kisanga na hatukuruhusiwa kuugusa. Alikuwemo ndani, nilisikia akikunja gazeti. Nikasimama, nikabisha hodi, nikaingia. Nikamwambia kuna mtoto alipelekwa kusini kwa kosa langu, na barua hii nimeiandika mimi, na naomba mhuri. Nilisema yote kwa pumzi moja na sikumtazama usoni. Alisoma barua mpaka mwisho. Aliuliza kama najua lile neno makosa linaweza kurudi kunitafuta. Nikasema najua. Akafungua droo akausogeza mhuri juu ya meza upande wangu, akageuka kutazama dirisha. Alitaka mkono uwe wangu. Niligonga vibaya, nusu ya wino haikushika, ikabidi nigonge mara ya pili.

Nilipotoka nilijaribu kumwambia Mama Rozi kuhusu ile saa sita, kwamba fomu niliishika mkononi nikairudisha. Nilifika "Mama Rozi, siku ile," akanikata.

"Sitaki kujua. Na mtoto akirudi sitamwambia aliyeandika ile ya kwanza. Usifikiri nakuficha wewe. Nataka asome shule. Nikimwambia, atakuwa anaogopa kila mwenye kalamu, na mie nataka kalamu ashike yeye."

Nikakunja barua, nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka mdomoni kuifunga. Akaninyang'anya. Akailamba mwenyewe gundi yote, kutoka pembe hadi pembe, taratibu, bila kuniondolea macho, akaibana kwa vidole vyake mpaka ikashika.

Rozi alirudi Temeke mwezi wa pili.